Kutoka Koki ya Wankie Hadi Mazutu ya Kasumbalesa

Shaba ya kwanza ya Lubumbashi, mji wa Katanga kusini mwa Kongo, iliyeyushwa kwa moto wa nchi jirani. Tanuru la Union Minière du Haut-Katanga lilianza kumimina shaba Juni 1911, miezi tisa hivi baada ya reli ya Rhodesia kufika katika mji huo mpya, wakati huo ukiitwa Élisabethville. Mawe ya madini yalikuwa ya hapo hapo, yakichimbwa Kalukuluku, mgodi ambao Wabelgiji waliuita Étoile. Koki ya kuyayeyusha ndiyo iliyotoka mbali. Ilipakiwa Wankie, Hwange ya leo nchini Zimbabwe, ikavushwa kwenye daraja la maporomoko ya Victoria, ikasafiri kwa treni zaidi ya kilomita 1,000 ndipo ikamwagwa kwenye uwanja wa tanuru.

Mambo yalivyopangwa mwaka ule ndivyo yalivyoendelea kwa zaidi ya karne. Mashine hununuliwa, hupakiwa, hufungwa kwa nati na kuwashwa. Njia ya kuilisha ndiyo inayochukua miaka, fedha na mapatano na majirani. Anayenunua jenereta leo katika komini ya Kampemba au Ruashi, mjini Lubumbashi, anakutana na shida ile ile waliyokutana nayo mainjinia wa 1911: chombo kipo mlangoni, na kinachokilisha kiko nyuma ya mpaka.

Union Minière ilijaribu kujikwamua mapema. Makaa ya mawe yalikuwepo Katanga kwenyewe, huko Luena karibu na Bukama, lakini yalikuwa dhaifu na hayakufaa kutengenezea koki. Kuni za miombo ziliwaka kwenye maboila, na misitu iliyouzunguka mji ikaanza kurudi nyuma. Kitu kilichokuwapo kwa wingi na kisichohitaji behewa ni maji. Lufira na Lualaba hushuka kutoka nyanda za juu kwa maporomoko makali, na maji hayo yalitosha kuendesha viwanda vyote ambavyo kampuni iliota kuvijenga.

Kilichoharakisha kazi ni kemia. Mwaka 1929 kiwanda cha Shituru, katika mji wa Jadotville ambao leo ni Likasi, kilianza kusafisha shaba kwa umeme. Madini huyeyushwa katika tindikali, mkondo wa umeme hupitishwa ndani ya matangi, na shaba hujishika kwenye mabamba kidogo kidogo kwa siku kadhaa. Kazi hiyo haivumilii umeme unaokatika. Mkondo ukisimama, tindikali huanza kuila tena shaba iliyokwisha kushika, na jasho la siku nyingi hurudi ndani ya tangi. Kwa hiyo tangu mwanzo viwanda vya Katanga vilihitaji umeme mwingi, na vilihitaji umeme usiokoma.

Mwaka 1930 ukaja Mwadingusha. Kituo hicho, kilichopewa jina la Émile Francqui, kilijengwa kwenye maporomoko ya Lufira, kaskazini-mashariki ya Likasi, na shirika la SOGEFOR. Ukuta wa bwawa uliyakusanya maji mpaka likazaliwa ziwa Tshangalele, ambalo hadi leo huwapatia samaki wakazi wa Likasi na Lubumbashi. Mashine sita zilifungwa huko, zenye uwezo wa megawati 70 hivi. Kutoka hapo nyaya zikavuka msitu hadi Jadotville na Élisabethville, na kwa mara ya kwanza viwanda vikapata nishati nyingi ambayo haikupita kwenye meza ya forodha.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia vituo vikafuatana haraka. Koni ilijengwa chini kidogo ya Mwadingusha, kwenye mto ule ule, ikaanza kazi mwaka 1950. Nzilo, wakati huo ikiitwa Delcommune, iliwekwa kwenye Lualaba karibu na Kolwezi mwanzoni mwa miaka ya 1950, na uwezo wake ulikuwa megawati 108. Nseke, iliyoitwa Le Marinel, ilifuata mwaka 1956 na megawati 248, nyingi kuliko za vituo vingine vitatu vikijumlishwa pamoja.

Umeme huo ulibadili hata reli. Mwaka 1952 njia ya Jadotville hadi Tenke iliwekewa nyaya zenye mkondo wa aina ile ile unaotumika viwandani, wakati ambapo mfumo huo ulikuwa bado ukijaribiwa Ulaya. Kwa mameneja wa reli hesabu ilikuwa wazi: kila treni iliyovutwa na umeme wa Lualaba iliokoa makaa ya Wankie.

Na hapo ndipo Katanga ilipopata umeme wake wa kwanza wa akiba. Haikuwa jenereta iliyofichwa kwenye kibanda. Vituo vinne viliunganishwa kwa nyaya, kimoja kikipunguza kazi kwa matengenezo au kwa uhaba wa maji, vingine vikikibebea mzigo. Katikati ya miaka ya 1950 waya ukavuka mpaka kwenda Copperbelt ya Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, na migodi ya upande ule ikanunua umeme wa Le Marinel kabla bwawa la Kariba halijakamilika. Nchi iliyoanza kwa kuomba koki ikawa muuzaji wa nishati.

Akiba ya aina hiyo ina udhaifu mmoja, na siasa ziliuona upesi. Tarehe 11 Julai 1960 Moïse Tshombe, kiongozi wa mkoa huo, alitangaza kujitenga kwa Katanga. Vita na majeshi ya Umoja wa Mataifa vilipofikia mwisho, Desemba 1962 na Januari 1963, madaraja ya Lufira yalilipuliwa ili kuyachelewesha majeshi hayo yasifike Jadotville. Tshombe alitishia kuharibu kila kitu kabla ya kushindwa, na baruti zikategwa kwenye bwawa la Delcommune. Lau zingewashwa, viwanda vya Kolwezi na sehemu kubwa ya kusini vingezimika kwa miaka. Majeshi ya Umoja wa Mataifa yaliingia Kolwezi tarehe 21 Januari 1963, na bwawa lilikutwa zima.

Serikali ya Rais Mobutu ilijifunza kwamba anayeushika waya anaishika Katanga. Mwaka 1966 Élisabethville ikawa Lubumbashi. Mwanzoni mwa 1967 Union Minière ilitaifishwa, na shirika lililozaliwa likaja kuitwa Gécamines. Mwaka 1970 iliundwa SNEL, shirika la taifa la umeme, ambalo katika miaka iliyofuata liliyameza mashirika ya zamani. Kisha ukaja mradi mkubwa kuliko yote: kuleta umeme wa Inga, karibu na mdomo wa mto Kongo, mpaka Kolwezi.

Mkataba ulitiwa saini mwaka 1973 na waya ukaanza kufanya kazi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Ulikuwa na urefu wa kilomita 1,700 hivi, ukabeba mkondo mnyoofu wa volti 500,000, na siku hizo hapakuwa na waya mrefu kuliko huo duniani. Gharama zilipanda mno, na deni lake likaielemea Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, kwa miaka mingi. Mkondo mnyoofu hauchotwi kirahisi njiani, hivyo vijiji na miji chini ya minara ilibaki gizani huku umeme ukipita juu ya vichwa vyao. Baadaye watu wakaanza kufungua vyuma vya minara na kuvipeleka kwa wahunzi. Kila mnara uliodhoofishwa hivyo uliuweka hatarini umeme wa Katanga nzima.

Kwa Lubumbashi, Inga haikufuta utegemezi. Iliurefusha.

Anguko lilikuja kwa hatua za haraka. Septemba 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka. Oktoba 1991 Lubumbashi iliporwa. Uzalishaji wa Gécamines, uliopita tani 470,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, ulishuka chini ya tani 40,000 kabla ya muongo uliofuata kufika katikati. Shirika lililokuwa likinunua umeme mwingi kuliko wote halikuweza tena kulipa, na shirika lisilolipwa haliwezi kununua mafuta ya transfoma, shaba ya koili wala vipuri vya tabaini. Mwadingusha ikaanza kuzima mashine zake moja baada ya nyingine.

Ndipo jenereta ilipoingia uani. Grupu, kama wanavyoiita wenyeji, ilikuwa kitu cha hospitali, benki na hoteli. Katika miaka ya 1990 na baada ya 2000 ikawa kitu cha kinyozi, cha duka la dawa, cha kanisa na cha familia yenye kipato. Vijenereta vidogo kutoka China, vinavyobebwa kwa mkono mmoja na kunywa petroli iliyochanganywa na oili, vilitosha kuwasha taa tatu na televisheni. Wenye uwezo zaidi walinunua za mazutu, yaani dizeli. Wasio na uwezo walibaki na mshumaa na mbabula, jiko la makala, yaani mkaa, na magunia ya makala yakazidi kuingia mjini kwa baiskeli na malori kutoka njia za Kasenga, Likasi na Kipushi. Kazi ya kuimaliza miombo ambayo maboila ya zamani yaliianza, jiko la nyumbani likaiendeleza.

Sheria mpya ya madini ya 2002 iliwarudisha wawekezaji, nao wakaongeza kiu ya umeme kuliko mitambo ilivyoweza kuishibisha. Waya wa volti 220,000 unaoiunganisha Karavia, pembeni mwa Lubumbashi, na Luano upande wa Chingola, nchini Zambia, ukaanza kuleta umeme kutoka kusini, kinyume kabisa cha mwaka 1956. Kampuni za migodi zikaingia makubaliano na SNEL ya kukarabati vituo vya zamani. Mwadingusha ilifufuliwa kwa fedha za mradi wa Kamoa-Kakula na mwaka 2021 mashine zake sita zikarudi kazini, zikiwa na uwezo wa megawati 78. Wachina wa Sicomines wakajenga Busanga kwenye Lualaba, megawati 240. Hata hivyo migodi mikubwa haikuacha kufunga safu za jenereta za dizeli, kwa sababu pampu na matangi ya tindikali hayasubiri. Na mwaka 2024, ukame ulipolishusha ziwa Kariba, Zambia yenyewe ikakaa gizani kwa saa nyingi kila siku.

Chumba cha jenereta nyuma ya kliniki ya kawaida ya Lubumbashi kinaonyesha vizuri mahali mzigo ulipo. Mashine ya kVA 100 imekaa juu ya zege. Ukutani kuna swichi ya kubadilisha, upande mmoja SNEL, upande mwingine grupu, ili mikondo miwili isikutane kamwe. Pembeni kuna pipa au tangi la mazutu, na kutoka hapo mrija mwembamba unaingia kwenye kichujio chenye kikombe cha kioo chini yake. Kila asubuhi fundi hulegeza skrubu ndogo ya kikombe hicho, akaacha tone zito la maji lidondoke kabla mafuta hayajafuata. Maji hayo ni ya mvuke ulioganda ndani ya tangi, au ni ya muuzaji aliyeongezea dumu. Yakifika kwenye pampu ya sindano, mashine hukata pumzi wakati daktari yuko katikati ya upasuaji. Ikibebeshwa mzigo karibu wote, mashine ya ukubwa huo hunywa lita 20 hivi kwa saa. Umeme ukikatika kwa muda wa saa kumi, ni pipa zima la lita 200.

Pipa hilo lina safari nyuma yake. Katanga haina kisima cha mafuta wala kiwanda cha kuyasafisha. Mazutu hushushwa katika bandari kama Dar es Salaam au Beira, hupandishwa kwenye malori ya tangi, na huvuka mpaka Kasumbalesa, ambapo foleni inaweza kumaliza siku kadhaa. Bomba la TAZAMA, lililokamilika mwaka 1968 ili kuiokoa Zambia baada ya Rhodesia kujitangazia uhuru, lina urefu wa kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola. Tangu 2023 linasukuma dizeli badala ya mafuta ghafi. Ndola iko kilomita 200 hivi kutoka Lubumbashi, na kipande hicho cha mwisho bado ni cha matairi na bei ya njiani.

Mahali pengine Afrika ya Mashariki wamepata suluhisho lisilohitaji pipa: gesi asilia inayofika kwa bomba mpaka kwenye injini. Mfano wa zamani kuliko yote una damu ya Katanga. Mwaka 1957 Brasseries du Katanga, kampuni iliyozaa bia ya Simba ya Lubumbashi, ilianzisha kiwanda cha bia Gisenyi, Rwanda ya leo, kwenye ukingo wa ziwa Kivu. Maji ya kina cha ziwa hilo yamebeba methani iliyoyeyuka. Mwaka 1963 mtambo wa majaribio ulijengwa Rubona, karibu na hapo. Bomba lilishushwa mamia ya mita, maji yalipopanda gesi ikajitenga kwa viputo, ikaoshwa kuondoa hewa ya ukaa, kisha ikasukumwa kwa bomba mpaka kwenye maboila ya kiwanda cha bia. Wazo hilo lilikua. Upande wa Rwanda, mtambo wa KivuWatt unaoelea kilomita 13 hivi kutoka ufukweni sasa unalisha injini za gesi zenye megawati 26.

Tanzania ilipita njia ndefu zaidi. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974, ikakaa chini ya ardhi miaka thelathini. Ukame wa miaka ya 1990 ulipopunguza maji ya bwawa la Mtera, Dar es Salaam ilifunga tabaini za dharura Ubungo zikichoma mafuta ya kimiminika, kwa gharama kubwa. Mwaka 2004 bomba la Songo Songo likakamilika, kilomita 25 hivi chini ya bahari na zaidi ya 200 nchi kavu, na tabaini zile zile zikageuzwa kuchoma gesi. Mashine za Ubungo hazikuhama. Kilichobadilika ni njia ya kuzilisha. Kiwanda cha saruji cha Wazo Hill na viwanda vingine vya jiji vikajiunga na bomba hilo.

Kufunga njia ya gesi ya jenereta kunadai nidhamu yake. Injini ya akiba inapopokea mzigo ghafla huvuta gesi nyingi papo hapo, kama mtoto mwenye kiu anayenyonya kwa mrija mwembamba. Bomba likiwa dogo au refu kupita kiasi, mgandamizo huanguka na injini huzima sekunde ile inayohitajika. Fundi hupima urefu, hesabu ya viwiko na kiasi cha gesi, ndipo achague kipenyo. Huweka vali ya kufunga mahali panapofikika upesi, kidhibiti cha mgandamizo, kijibomba cha chini cha kukusanya maji na uchafu, na kipande kinachopinda kabla ya injini ili mtikisiko usipasue viungio. Kila kiungio hupakwa povu la sabuni kutafuta upenyo. Gesi asilia ni nyepesi kuliko hewa, kwa hiyo chumba hutobolewa juu ili itoke. Gesi ya mitungi ni nzito, hutambaa sakafuni na kujikusanya shimoni, kwa hiyo tundu la hewa huwekwa chini. Anayechanganya mambo hayo mawili anahatarisha maisha ya watu.

Bomba la namna hiyo halijafika Lubumbashi, na jiografia inaeleza kwa nini. Methani ya Kivu iko kilomita 1,000 hivi kaskazini kwa mstari ulionyooka. Mafuta na gesi ya Muanda, kwenye pwani ya Atlantiki, yako upande wa pili wa nchi. Julai 2022 serikali ya Kinshasa ilizindua zabuni ya vitalu vitatu vya gesi katika ziwa Kivu, na soko la karibu la vitalu hivyo ni Goma na Bukavu. Gesi ya Songo Songo na ya Mnazi Bay inahitajiwa kwanza na Watanzania wenyewe.

Hata hivyo kuna kazi ambazo mji unaweza kuzianza bila kusubiri bomba. Viwanda vipya kando ya barabara ya Kasumbalesa na ya Likasi vinaweza kununua injini za kuchoma mafuta ya aina mbili, ili siku gesi ikifika mashine isitupwe. Vinaweza kuacha nafasi ya tangi la gesi ya kimiminika na njia ya bomba kabla kuta hazijajengwa, kwa sababu kuchimba sakafu iliyokwisha kumwagwa ni ghali. Hospitali zinaweza kuweka paneli za jua na betri zibebe taa na friji za chanjo, mazutu yabaki kwa mzigo mzito. Na mafundi wanahitajika kuliko vyote. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina kitivo cha uhandisi, na Wasalesiani wamekuwa wakifundisha vijana umeme na ufundi wa mashine katika Institut Salama kwa miaka mingi. Somo la kufunga mabomba ya gesi, lenye mtihani na cheti kinachotambuliwa na mkoa, lingeweza kuingizwa humo mwaka huu, kwa gharama ndogo kuliko shehena chache za malori ya mazutu, na likaupa mkoa wa Haut-Katanga watu wanaojua kipenyo cha bomba kabla bomba lenyewe halijavuka mpaka.